Uhuru Wetu Juu ya Farasi

Jumatano, 4 Machi

Leo nimejipa ukubwa! Kwenye kikao cha sisi Waghana wa Maseru, watu ishirini na wawili, Larbi mfamasia kapendekeza tusherehekee Uhuru wa nyumbani kwa kwenda milimani Jumamosi, tukaone maporomoko ya maji, turudi siku hiyohiyo. Kabla hajakaa nikasimama. Nikasema mimi, Ebo Quansah, mwalimu wa hesabu, nitauongoza msafara, maana milima ya Lesotho naijua kama kiganja changu.

Miaka mitatu niko hapa. Mbali nilikowahi kufika ni sokoni. Lakini Jumatatu tunachagua mwenyekiti, na Larbi anautaka uenyekiti. Ile miwani anaivaa kwa sababu hiyo tu.

Alhamisi, 5 Machi

Mpango tayari. Basi litatushusha kijijini. Wenzangu watatembea kwa miguu, mimi mbele yao juu ya farasi, nimejifunga kente, kitambaa chetu cha sherehe. Picha ipigwe, maporomoko yakiwa nyuma yangu. Baada ya hapo nani atampigia kura muuza vidonge?

Nimefanya mazoezi ya kupanda farasi kwenye mkono wa kochi. Mama Nthabeleng, mwenye nyumba wangu, kachungulia dirishani, kauliza kama tumbo linaniuma. Nikamweleza. Akasema nisiende bila blanketi. Nikamjibu kwamba mtu wa Cape Coast haogopi upepo.

“Wa kwenu unatoka baharini, Ntate Ebo,” akasema; huku kila bwana ni Ntate. “Wa kwetu unatoka kwa Mungu moja kwa moja.”

Ijumaa, 6 Machi

Nimepiga kente pasi. Nimekariri majina ya milima sita. Mawili nimeyatunga.

Jumapili, 8 Machi

Jana sikuandika. Vidole vilikataa.

Tulianza vizuri. Nilisimama mbele ya basi nikitaja milima. Nje ukungu mtupu, lakini kiongozi hanyamazi. Nikaonyesha kilele kimoja, nikasema wafalme walikuwa wakipumzika pale. Dereva akasema hilo ni lundo la kokoto za watengeneza barabara.

Kijijini, mwenyeji mmoja mkodisha farasi, Ntate Tšeliso, kanikabidhi farasi. Alikuwa wa marehemu baba mkwe wake, mlevi mashuhuri. “Usihangaike na hatamu,” akaniambia. “Njia anaijua.”

Sikuuliza njia ya wapi!

Hatua kumi za kwanza, fahari tupu. Wenzangu wakapiga makofi. Kisha njia ikagawanyika: maporomoko kulia, farasi kushoto. Nikavuta. Nikambembeleza kwa Kifante. Nikamtishia mtihani. Akaenda zake hadi kwenye nyumba yenye kitambaa cheupe juu ya mlingoti, yaani pombe ya mtama imeiva. Akasimama mlangoni.

Bibi mmoja akatoka, akacheka mpaka akashika ukuta. “Huyo haondoki mpaka aliye mgongoni anywe!”

Nikanywa kopo zima. Farasi akaondoka papo hapo. Nikamshukuru Mungu. Akanipeleka kwenye kitambaa cha pili.

Vilikuwa vinne.

Kwenye cha tatu nilikuwa natetemeka hadi meno yanapiga ngoma. Bibi wa pale akanifunika blanketi la mjukuu wake. Kwenye cha nne nilihutubia kuhusu Uhuru, mbele ya mabibi saba na kuku. Walishangilia sana. Wakasema kitambaa chao kimechakaa, wakapandisha kente yangu mlingotini. Wapita njia wakaanza kuingia kuuliza ni kinywaji gani kipya.

Wenzangu wakanikuta alasiri, nimelala juu ya gunia la mtama. Walikuwa wamefika kwenye maporomoko, ukungu ukafunguka, upinde wa mvua ukatokea. Larbi kapigwa picha chini yake! Mimi siku nzima nimeona masikio ya farasi.

Kumbe tangu hapo walikuwa wakinitafuta kwa saa mbili, chakula hawajagusa. Larbi kashuka makorongo mawili akiniita, suruali imechanika magotini. Kanivalisha koti lake. “Ticha, tulidhani umetufia,” akasema, akinifunga vifungo.

Unafiki ulioje! Koti lenyewe zito, zuri. Nimelala nalo.

Jumatatu, 9 Machi

Uchaguzi. Larbi kura ishirini na moja. Moja imeharibika. Ni yangu, niliandika jina langu mara mbili.

Nimelitafakari jambo hili kwa kina, kama msomi. Kosa lilikuwa la farasi.

Basi kabla kikao hakijafungwa nikasimama. Nikatangaza kwamba mwezi Juni, theluji ikianguka, nitawaongoza tena milimani, na safari hii nitateleza mbele yao kwa mbao miguuni, mchezo niliouanza utotoni. Mama Araba, mkubwa wetu, mwenye miaka sabini na tisa, akauliza theluji ilianguka lini Cape Coast.

Nikamwambia ni kabla hajazaliwa.