Upande Wetu Mchana, Upande wa Wakwe Usiku

Leo nimejiaibisha mbele ya wakwe, rafiki zangu, tena kwa zawadi niliyoibeba mwenyewe. Nawaandikia mapema, kabla hamjakisikia kisa hiki sokoni kikiwa kimetiwa chumvi.

Jumamosi iliyopita tulipokea mahari ya Furaha, binti wa kaka yangu. Wakwe waliteremka kutoka Masisi, wanaume wote na kofia zao pana, pamoja na ng'ombe ambaye kaka yangu (mdomo wake huo!) alisema amekonda. Muzee wao, babu wa bwana harusi, alikunja uso. Na harusi ni Jumamosi ijayo! Nikaamua kupiga picha ya familia zote mbili na kuwapelekea, ili mioyo ipoe.

Jua lilikuwa utosini. Chini ya zile kofia, nyuso zilikuwa zimezama kivulini. Elimu ikanipanda kichwani (nafundisha fizikia, msisahau). Nikapachika flashi kwenye kamera ili iondoe vivuli.

"Tantini, flashi na jua hili?" Furaha akaniuliza mimi shangazi yake.

"Tulia, mwanangu. Hii ni sayansi."

Kwa kuogopa jua lisiiunguze picha, nikaongeza kasi ya kamera kutoka 60 hadi 125, yaani sehemu moja ya 125 ya sekunde. Wakwe kushoto, sisi kulia. Paa!

Leo baada ya misa nimeichukua picha kwa fundi wa picha mjini: kubwa, imetiwa kioo na fremu ya mbao, imefungwa kwa karatasi. Sikuifungua. Nilitaka tushangae wote pamoja.

(Tumeshangaa.)

Nyumbani kwa jamaa zao walikofikia, mtaa wa Mapendo, muzee mwenyewe aliichana karatasi. Akatazama. Akampa mkewe.

Upande wetu nyuso zinang'aa, hata meno ya kaka yangu yanahesabika. Upande wao ni kofia, kola za suti zao za abakosti, na kati ya kofia na kola, giza. Mpaka wa mwanga na giza umepita baina ya Furaha na mchumba wake, umenyooka kama uzio.

"Mama," muzee akasema polepole, "hii foto ulipiga saa ngapi? Kwenu naona ni midi, jua katikati. Kwetu ni usiku."

"Ngombe ilikonda," mkewe akadakia, "sasa na batu banapotea!" (Batu ni watu, kwa Kiswahili cha kwao.)

Nikajieleza. Ndani ya kamera mna mapazia mawili, la kufungua dirisha la picha na la kulifunga. Kwa kasi ya 60, flashi inapowaka, dirisha lote liko wazi. Kwa 125, pazia la pili limekwisha kuanza kufunga, na mwanga wa flashi unafika nusu tu ya picha. Yote hayo nilikuwa nayajua!

"Pazia," muzee akasema. "Na hiyo pazia ikachagua sisi?"

Nikafunika uso kwa kitenge changu. Kisha nikasikia kicheko. Muzee alikuwa akicheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Sikia, mama. Siku ya arusi utapiga ingine."

"Ndiyo, muzee, na safari hii nyuso zote..."

"Apana! Sisi tukae fasi ya mwangaza. Bale ba kwenu baingie mu giza. Na ule kaka yako, akae mbele kabisa mu ile giza. Kisha tutakuwa bandugu."

Mkewe akaniletea maziwa. Nikakubali yote mawili, maziwa na sharti.

Basi Jumamosi mwalimu wa fizikia atarudia kosa lile lile, kwa makusudi, kwa ajili ya amani. Kaka yangu hajui lolote, na amekwisha kununua kofia mpya, pana kama za wakwe. Chekeni, lakini si mbele yake.