Hatua Tisa, Zote Kijani

Jumatatu, 4 Machi

Ijumaa bosi anaamua kama nitaajiriwa au nitafungasha virago. Leo kanirudishia kazi yangu, ile sehemu mpya ya kupangia wagonjwa miadi katika programu ya zahanati. Niliituma kwa hatua tisa, yaani mabadiliko tisa yanayofuatana. Anataka kila hatua ikiwekwa, programu ijengeke, yaani iungane na kuwaka, bila kusubiri inayofuata. Eti hitilafu ikitokea, wanarudi nyuma hatua kwa hatua kutafuta ilikoanzia.

Hatua yangu ya tatu inategemea kipande kinachozaliwa kwenye ya saba. Nikamweleza kwamba mwishoni yote inafanya kazi. Akasema hakuniuliza habari za mwisho. Miwani, jirani yangu wa meza, akacheka chini chini. Kazi zake hupita mara ya kwanza. Simpendi.

Jumanne, 5 Machi

Dada, ninayekaa kwake, kauliza kwa nini nisizipange hatua zenyewe upya tu. Nikamwambia mwenye akili hahangaiki na kazi ambayo kompyuta inaweza kumfanyia. Akasema vizuri, basi nioshe vyombo.

Nimeandika skripti, programu ndogo ya kunikagulia hatua. Inachukua hatua moja moja, inajenga, inaonyesha kijani ikifaulu, nyekundu ikishindwa. Ya tatu hadi ya sita: nyekundu. Nikaiagiza ikishindwa ijaribu tena. Imejaribu mchana kutwa. Nyekundu ile ile!

Jumatano, 6 Machi

Nimepata dawa. Ikishindwa, iruke, na mwishoni itangaze zilizofaulu tu. Kijani kitupu! Bosi kaniita kijana makini, kaiingiza kazi yangu, kisha akaagiza kazi za ofisi nzima zipitie skripti yangu. Nimekwenda kuchukua chai kifua mbele.

Alhamisi, 7 Machi

Zahanati wamepiga simu. Wagonjwa wote wamepangiwa saa mbili asubuhi, foleni imetoka hadi barabarani. Bosi akaamuru turudi nyuma hatua kwa hatua. Kufika kwenye zangu, ya sita haijengeki. Ya tano haijengeki. Isiyojengeka haijaribiki, kwa hiyo hatuoni hitilafu ilikoanzia.

Miwani akauliza, kwa upole wake ule, skripti hufanya nini ikikuta nyekundu. Bosi akaifungua, akaisoma kwa sauti mbele ya watu. Nilitamani sakafu inimeze. Nimeumia kweli, kazi hii naitaka. Miwani kaisaka hitilafu kwa macho, mstari kwa mstari, hadi jioni. Ilikuwa hatua ya tano. Yangu.

Ijumaa, 8 Machi

Sijaajiriwa, sijafukuzwa. Nimeongezewa mwezi mmoja wa majaribio, kwa sharti kwamba leo leo niirudishe kazi bila hata hatua moja isiyojengeka. Miwani kajitolea kukaa nami tuzipange. Nimemshukuru, nikamwambia awahi nyumbani.

Nimeziunganisha zote tisa zikawa moja. Moja tu! Inajengeka. Hakuna ya tatu, hakuna ya tano, hakuna pa kurudi nyuma wala pa kukwama. Nimemtumia bosi, nikazima simu nipumzike. Jumatatu lazima wataniomba niwafundishe wenzangu.