Kiherehere na Zamu za Cherehani

Jumatatu, 9 Juni

Meza ya dirishani haina mwenyewe. Aliyekuwa akikaa pale kahamia kampuni nyingine, na ofisi nzima ni hapo tu panapoingia upepo. Bosi katangaza kwamba atakayeonyesha kazi ya maana kabla ya Ijumaa atahamia pale. Akanitazama mimi, kisha Taratibu. Bosi alimtazama Taratibu kwa muda mrefu zaidi.

Taratibu ni jirani yangu wa meza. Jina kalipata kazini: husoma programu mstari kwa mstari, kidole juu ya kioo cha kompyuta, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Mimi sina subira hiyo. Mimi nina Kiherehere.

Kiherehere ni chombo nilichokiunda mwenyewe. Kazi yake ni kuurushia mkataba mahiri maagizo ya ovyo, maelfu kwa maelfu, mpaka uchanganyikiwe na kuonyesha kosa lake. Na mkataba mahiri ni programu inayosimamia makubaliano ya watu bila karani wala mlinzi. Ukishawashwa huwezi kuubadilisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tulio nao sasa ni wa ushirika wa mafundi cherehani. Karakana moja, mashine chache, watu wengi, ugomvi kila siku. Mkataba utagawa zamu, na kufuli ya mlango itamfungulia mwenye zamu tu. Mwenyekiti wao ni mama mkwe wangu. Kazi niliileta mimi.

Jumanne, 10 Juni

Mpango umekamilika. Nimefuta mstari mmoja kwenye mkataba, ule unaomzuia fundi kufuta zamu ya mwenzake. Kesho Kiherehere kitaligundua kosa hilo mbele ya bosi, nami nitashangaa pamoja na wengine.

Huu si udanganyifu. Hata mwalimu hutunga mtihani akiwa na majibu.

Nilipotoka jioni, Taratibu bado alikuwa na kidole juu ya kioo. Nilimuaga kwa huruma.

Jumatano, 11 Juni

Balaa.

Kiherehere kimeshambulia asubuhi nzima, bosi kaketi mbele, mikono kifuani. Jibu likatoka: hakuna kosa. Nikabonyeza tena. Hakuna kosa.

Bosi akapiga makofi. Akasema kama mambo ni safi hivi, ya nini kungoja Ijumaa, mkataba utawashwa kesho mchana. Akaufunga usiguswe tena mpaka mtu athibitishe kosa mbele ya wote. Kisha akampigia mama mkwe, simu ikiwa kwenye spika.

"Mwanangu, Mungu akubariki," mama alisema. "Mimi tangu zamani nasema, binti yangu hakukosea."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kesho fundi yeyote mwenye kisirani ataweza kuwafutia wenzake zamu, na hakuna atakayeweza kurekebisha. Nikiri mbele ya bosi kwamba nilifuta mwenyewe? Heri nile sabuni.

Mchana nikagundua kilichotokea. Sikukiandikisha Kiherehere kuwa mwanachama wa ushirika, na mkataba husikiliza wanachama tu. Kila agizo lake lilikataliwa mlangoni. Kilibisha hodi asubuhi nzima, hakikukaribishwa, kikarudi kuniambia kwamba mle ndani kuna amani.

Alhamisi, 12 Juni

Nimefika kabla ya mfagizi. Kiherehere nimekiandikisha ushirika, tena kwa majina kadhaa, ili kipate wa kugombana nao. Nikakiachia.

Wenzangu walikuwa bado wanavua makoti kilipopata kosa. Moyo ukaruka. Nikasoma. Halikuwa langu.

Mkataba unamruhusu fundi kumpa mwenzake zamu. Kiherehere, kwa ujinga wake, kikajipa zamu chenyewe. Zamu ikawa mbili. Kikajipa tena, zikawa nne. Kiliendelea hivyo mpaka fundi mmoja akamiliki karakana mwaka mzima. Mtu mwenye akili timamu hawezi kuliwaza jambo hilo, na ndiyo maana hakuna aliyeliwaza.

Nikawaita wote. Bosi akaahirisha kuwasha. Akauliza sehemu ile iliandikwa na nani. Taratibu akamwambia kwa upole kwamba aliiandika yeye bosi. Bosi akasema ni kosa la kawaida.

Lakini la kwangu! Kiherehere kiliendelea kukimbia, nami natokwa jasho. Hakikuliona. Saa za kazi zikawa zinayoyoma. Mwishowe nikamfuata Taratibu kwenye mtungi wa maji, nikamwambia, kama wazo tu lililonijia, kwamba pengine tungeangalia na sehemu ya kufuta zamu.

"Ile niliirudisha juzi jioni, ndugu yangu," alinijibu. "Mstari mmoja ulikuwa umefutika. Nilidhani mkono wako uliteleza, sikuona haja ya kumsumbua bosi."

Nikamkumbatia. Akaniuliza kama nina homa.

Ijumaa, 13 Juni

Kosa la bosi limerekebishwa. Kiherehere kimeshambulia tena, safari hii kikiwa ndani, na hakikupata kitu. Mkataba umewashwa.

Tulikwenda karakana. Mama mkwe akabonyeza simu yake, mlango ukafunguka. Jirani yake asiye na zamu akajaribu, kufuli ikanyamaza. Akajaribu kwa hasira, ikanyamaza vilevile. Mafundi wakacheka, naye akaishia kucheka.

Mama akanishika mkono. Akasema wiki nzima hajalala vizuri, alihofia kuwaponza wenzake kwa ajili ya mkwe. Leo atalala.

Nikamwambia na mimi pia, mama. Sikueleza zaidi.

Jumatatu, 16 Juni

Meza ya dirishani ni yangu. Upepo ni mzuri.

Maseremala wa mtaa wa pili wamesikia habari, nao wanataka mkataba wao. Nimemwambia bosi kwamba kwa Kiherehere peke yake tutamaliza upesi. Kusoma mstari kwa mstari kunatuchelewesha, na Taratibu angefaa zaidi kuandaa ankara. Bosi akasema nina hoja.

Taratibu hakunung'unika. Nimemsaidia kubeba kiti mpaka chumba cha pili.

Mkataba wa maseremala nimeuanza leo hii, mbio mbio, bila mtu wa kunichungulia.