Donati ya Mwisho ya Mwalimu Chaki

Redio, dereva teksi wa Kisomali asiyejua kunong'ona, ndiye aliyeingia na habari pale mgahawani kwa Selma, kijiwe chao jijini Saint Paul, theluji ingali kwenye ndevu.

"Kesho siku ya tamaduni shuleni, na safari hii walimu nao wana meza. Kila mmoja alete cha kwao."

Mwalimu Darlene, Mzungu mzaliwa wa jiji hilo, jina la kijiweni Chaki, alishaisikia tangu asubuhi. Sahanini ilibaki donati moja. Akaikata, akala nusu, nusu akaiacha.

"Mimi sina cha kuleta. Utamaduni mnao nyie. Mimi mtu wa kawaida tu."

"Kumbe sisi watu wa sikukuu," akasema Pilipili, bibi wa Kihmong kutoka Asia, mwenye ulimi mkali kuliko achari yake. "Mwaka jana mjukuu wangu kaja na jezi yake ya hoki, ukamrudisha akavae nguo za kwao. Kwao wapi, mwalimu? Kazaliwa nyuma ya shule yako."

"Nilitaka watoto wote wawe sawa."

"Sawa kama wanasesere dukani," Redio akadakia.

Chaki akainamisha uso, akaikata ile nusu, akala kidogo.

"Haya, nilikosea. Ila kesho nisimame mbele ya darasa langu na meza tupu? Watanicheka mpaka nistaafu."

"Peleka ile saladi yako ya jeli na karoti."

"Redio, watoto hawana kosa," akasema Pilipili.

Chaki akashika kisu tena, akakikata kile kipande. Pilipili akamdaka mkono.

"We mama, unafanya nini?"

"Nabakisha. Cha mwisho hakiliwi."

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Kila mtu anajua. Mama hakula cha mwisho, bibi yangu hakula. Kinakatwa tu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wageni waondoke."

Pilipili na Redio wakatazamana, wakacheka mpaka Selma akachungulia kutoka jikoni.

"Mtu wa kawaida kakamatwa," Pilipili akasema, akijifuta machozi. "Kesho weka donati moja na kisu. Mjukuu wangu atakuja na jezi yake, akae golini, ailinde."

Chaki akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Na jezi aje nayo. Lakini huo si utamaduni, jamani. Ni adabu tu."

Redio akavaa koti, akakiokota kile kipande, akakitupia mdomoni.

Chaki akaruka kitini, uso mweupe kama sahani. "Umekula cha mwisho."

"Nilikuwa napima," Redio akasema, akitafuna kuelekea mlangoni. "Utamaduni unao, mwalimu. Tena mwingi."