Samaki Arobaini wa Karatasi

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu Mkuu katuita sisi walimu wawili wa chekechea. Amri mpya! Masomo yapangwe kufuata yale watoto wenyewe wanayoyapenda. Tuwatazame, tuwasikilize, tuandike maswali yao, ndipo tupange. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Atakayemridhisha atapewa chumba kikubwa, chenye madirisha mawili na sinki. Mimi nina miaka minne kwenye kile kilichopakana na choo. Safari hii ni zamu yangu, liwalo na liwe.

Jirani yangu, Mwalimu Kalamu (kalamu tatu nyweleni kila siku), ameshaanza kuwafuata watoto na daftari. Kujipendekeza tu!

Mimi sina wasiwasi. Kabatini nina samaki arobaini wa karatasi ngumu, niliwakata na kuwapaka rangi mwaka juzi. Mpango wa wiki nzima upo tayari. Kilichobaki ni watoto kuwapenda samaki. Watawapenda.

Jumanne, 4 Machi
Nimewauliza watoto wanapenda nini. Mmoja akasema vifungo. Mwingine, meno yanayolegea. Bi Kwanini, binti wa miaka mitano asiyeishiwa maswali, alitaka kujua kwa nini kisigino hakina kucha. Nikajitia sikusikia. Nikaandika: “Watoto wameonyesha dalili za kupenda samaki.”

Lakini kisigino kimenikaa kichwani mchana kutwa. Kweli, kwa nini?

Jumatano, 5 Machi
Nimeazima samaki wawili hai kwa dada yangu. Kaniapisha niwarudishe wazima. Nimewaweka kwenye ndoo katikati ya chumba, watoto wakaja mbio. Roho yangu kwatu!

Kumbe ndoo ina tundu. Samaki hawakutazamwa hata na mmoja. Watoto wote kumi na wanane wamelala kifudifudi, wanafuata maji yanavyotambaa sakafuni. Bi Kwanini akauliza kwa nini yanakwenda kushoto wakati mlango uko kulia. Nikawaambia warudi kwenye samaki. Wakaniambia nisubiri kidogo, yanakaribia ukuta.

Samaki nikawahamishia haraka kwenye birika la walimu. Bahati mbaya Mwalimu Kalamu akataka chai. Yowe lake limesikika hadi getini! Samaki wazima. Yeye sina hakika.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeziba tundu la ndoo kwa gundi, nikajaza maji na kuwarudisha samaki. Nimewafundisha watoto: mgeni akiuliza mnapenda nini, semeni samaki. Bi Kwanini akauliza kama mgeni ndiye anayependa samaki. Nikasema ndiyo, ili yaishe.

Walipoondoka nikamwaga kikombe cha maji, nikalala kifudifudi mimi mwenyewe. Yamekwenda kushoto! Mfagizi kanikuta hapo chini. Nikamwambia natafuta kifungo.

Ijumaa, 7 Machi
Mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani, kaingia na Mwalimu Mkuu. Akawauliza watoto wanapenda nini. Bi Kwanini akamwamkia vizuri, kisha akamweleza kwamba anayependa samaki ni yeye mgeni, mwalimu kasema. Wao wanataka kujua maji yanakwenda wapi. Nilitamani ardhi inimeze.

Hapo hapo gundi ya ndoo ikaachia, maji yakaanza kutambaa.

Watoto wakashuka chini. Wakachukua samaki wangu arobaini wa karatasi niliowapanga mezani, wakajenga ukuta wa kuzuia maji. Samaki wangu! Mmoja akatoa gololi mfukoni, ikabingirika kushoto. Bi Kwanini akatangaza kwamba sakafu imeinama. Mkaguzi akavua viatu, akapiga magoti. Sikujizuia, nami nikapiga. Nilifurahi mno, sijui hata kwa nini.

Mkaguzi kasema hajaona somo lililotoka kwa watoto wenyewe kama hili. Amesifu hadi nikaona haya. Ndipo akaagiza: darasa langu lisihamishwe kamwe, sakafu ile iliyoinama ni hazina. Chumba kikubwa kapewa Mwalimu Kalamu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekaa nikatafakari kwa makini kosa langu. Nimeligundua. Kosa lilikuwa samaki! Watoto wanapenda ndoo.

Tangu asubuhi nakata karatasi ngumu. Ndoo arobaini, kila moja na tundu lake. Mpango wa mwaka mzima upo tayari. Watazipenda.