Somo Yangu Anampigia Mama

Jumatatu, 3 Machi

Kipara amenunua kiti! Huyu kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mtu asiye na unywele hata mmoja, sasa ana kiti cha kupanda na kushuka kwa kukanyaga. Kinalala pia. Wateja wangu wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi. Nimegeuka kuchukua taulo, nageuka tena, benchi tupu. Nawaona ng'ambo. Mmoja amelazwa anaoshwa kichwa, mwenzake anasubiri zamu huku anatabasamu. Aibu!

Dawa ni mkopo. Benki siendi, Dada anafanya kazi dirishani na ananijua. Bahati nzuri jana iliingia meseji: mkopo wa simu, bila dhamana, bila maswali. Nimeweka programu yao.

Maswali yalikuwa mengi. Picha ya kitambulisho, mbele na nyuma. Picha yangu nimekishika chini ya kidevu. Geuza uso kushoto. Kulia. Fumba macho. Tabasamu. Usitabasamu sana. Kisha wakataka nisome maneno kwa sauti yangu ya kawaida, ili wahakikishe kuwa mimi ni mimi. "Mama, ni mimi." "Simu yangu imeharibika, hii ndiyo namba yangu mpya." "Mama, usimwambie mtu." Nimeyarudia yote mara kadhaa, mpaka wakaridhika. Inaonekana ni watu wanaojali familia.

Wakauliza kama tuna nyumba. Nimejibu tunayo, aliyoiacha Baba, anakaa Mama, na hati iko kwenye sanduku chini ya kitanda. Habari ya sanduku hawakuuliza. Mimi ni mkweli tu.

Dada hupenda kusema namba ya siri ni kama mswaki, haiazimwi. Sikuiazima. Nimewatajia tu.

Jina langu siliandiki humu. Daftari huokotwa, na watu wa siku hizi si wazuri.

Jumanne, 4 Machi

Mkopo haujaingia. Na programu haipo! Jana ilikuwa kwenye simu, kati ya saa na tochi. Leo pana pengo.

Mchana nilikuwa namnyoa mwalimu mstaafu. Meseji ikaingia, kutoka kampuni ya mikopo ambayo sijawahi kuisikia. Jina langu kamili, mpaka la babu. Asante kwa kurejesha mkopo wako kabla ya muda, wewe ni mteja mwema. Mashine ikaniteleza. Mwalimu ameondoka na njia upande mmoja wa kichwa. Nimemwambia ndio mtindo.

Sijawahi kurejesha kitu kabla ya muda. Hata ngazi ya jirani bado iko kwangu. Kwa hiyo kuna mtu mahali fulani anaamka, anavaa jina langu, anakopa nalo na kulipa nalo. Nikafunga mlango wa saluni, nikaufungua tena kuangalia nje. Hakuna mtu.

Halafu nikatulia, nikafikiri. Mtu mwenye jina lako ni somo yako. Na somo yangu huyu ana tabia njema kuliko mimi. Jina linang'aa, mimi sitoki hata jasho. Kumshtaki kutanisaidia nini? Acha alipandishe. Likifika juu nitalichukua. Akili hii sijui niliirithi kwa nani.

Jumatano, 5 Machi

Dada amepiga simu, akaanza kwa kunisifu. Nikajua kuna msiba.

Hakuna msiba. Mama ana furaha, alisema. Anasema mwanawe amebadilika. Jana na leo asubuhi amempigia kwa namba mpya, anamuuliza amelalaje, anamuuliza goti linaendeleaje, na hakati simu mpaka Mama akate kwanza.

Nilikuwa nimesimama kati ya vioo viwili, wa mbele na wa nyuma. Ukisimama hapo unajiona umepangwa msururu, uso na kisogo, uso na kisogo, mpaka mwisho usioonekana. Wote tulikuwa na simu sikioni. Nikamwona mmoja wa mbali kabisa kama ameshusha ya kwake. Nikazima taa.

Sijampigia Mama tangu aliponinyima hela ya jenereta.

Ningemwambia Dada palepale. Neno lilishafika kwenye meno. Lakini sifa ni tamu, jamani! Nina njaa nazo tangu utotoni, maana zote alipewa yeye. Isitoshe, vocha ni ya Somo. Nikamjibu Dada kwamba ndivyo nilivyolelewa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeenda ofisi ya ile kampuni inayoniita mteja mwema. Chumba kimoja juu ya duka la viatu, feni inazunguka bila upepo. Nikaomba mkopo wa kiti. Karani akanipiga picha, akaangalia mashine yake, akaniangalia. Akageuza kioo nikione.

Kulikuwa na video. Ni mimi. Nimevaa shati la bluu lenye kola. Natazama mbele, nafumba macho, nafumbua, nasema nakubali masharti yote. Sauti yangu. Kovu langu la nyusi. Shati la bluu sina. Na nywele zilikuwa zimechongwa safi kabisa, wakati mimi kichwa changu ni kichaka. Kinyozi hajinyoi, na Kipara siwezi kumpa kichwa changu.

Karani alisema kwa adabu kwamba nafanana na mteja wao, lakini siye. Akauliza kama ni mdogo wangu. Nikaapa ni mimi. Akasema basi nirudi nikiwa nimefanana na mimi.

Nilipokuwa nashuka ngazi, nilisikia ameirudia ile video. Nakubali masharti yote. Nakubali masharti yote. Sijui kwa nini nilikimbia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa Kipara. Mungu anisamehe.

Kiti ni kitamu. Naandika haya kwa uchungu. Kinakubeba mgongo mpaka unasahau madeni. Kipara alinyoa kimya kimya, kwa heshima ya kutisha. Mwishoni akasema amefurahi kwa simu yangu ya juzi. Simu gani? Ile niliyomwomba radhi kwa miaka yote ya kumwita Kipara, nikamkopa kidogo mpaka mwisho wa mwezi. Alisema aliguswa, akatuma papo hapo. Hakujua kuwa ninaweza kusema tafadhali.

Nikikana, mpango unaharibika. Nikasema nitalipa. Nikamwita Kipara kwa mazoea. Akakaza mdomo.

Kwenye kioo chake alikuwa amekaa Somo. Kichwa safi, uso mwema, mtu wa kuaminika. Nikamkonyeza, akanikonyeza. Nimeona kama alichelewa kidogo.

Jioni nimenunua shati la bluu lenye kola.

Jumamosi, 8 Machi

Karani amenitazama, akatazama mashine, akafurahi. "Ee, sasa ndiyo wewe!"

Kisha akasema mkopo mwingine haiwezekani, kwa kuwa ule mkubwa nilishauchukua jana. Nikamwambia jana nilikuwa kwa kinyozi. Akasema wengi huchukulia kwenye simu wakiwa kwa kinyozi. Akanionyesha saini. Ni yangu, ila nzuri zaidi. Na chini yake, dhamana: nyumba ya mama mzazi. Picha ya hati nimeahidi kuituma Jumatatu. Nisipolipa, nyumba ni yao.

Nimeogopa. Naandika bila kuficha. Nyumba ile ndimo tulimozaliwa, mimi na Dada. Mama hana pengine. Na kila asubuhi anaongea na mtu huyu, anacheka naye, anamweleza habari za kuku na jirani, na sanduku liko chini ya kitanda alichokalia.

Nimempigia Mama hapohapo ngazini. Inatumika. Nimepiga tena. Inatumika. Anaongea na mimi.

Jumapili, 9 Machi

Amepokea leo. Nikasema, Mama, ni mimi. Akajibu kwa utulivu kwamba amechanganyikiwa, maana mimi niko kwenye simu yake nyingine. Dada alimnunulia ya pili, ya picha. Akaniambia nisubiri. Nikasikia anaziweka simu zote mbili juu ya meza, anaweka spika.

Saa yake ya ukutani inagonga. Halafu nikasikia sauti yangu, kutoka ndani ya chumba cha Mama.

"Mama, usimsikilize huyo. Ni tapeli."

Nilitaka kusema maneno hayohayo! Nikayasema. Yakatoka yanatetemeka, yeye akayarudia kwa upole, na hata mimi nikaelekea kumwamini yeye. Nikapiga kelele kuhusu hati. Yeye akasema, Mama pole, kelele zitakupandishia presha.

Mama akasema basi, atauliza swali moja. Goti gani linaniuma?

Somo alijibu bila kusita. La kushoto, Mama. Linazidi asubuhi, ukiinuka, na siku za mawingu. Umelikanda leo?

Nikafunga macho nikajaribu kumwona Mama anatembea. Nilimwona mlangoni, nikamwona jikoni, nikamwona ananipa hela. Akitembea sikumwona. Nikasema la kulia.

Saa ikagonga weee. Kisha Mama akasema, "Haya. Nimeshamjua mwanangu." Simu zikakatwa.

Nililia. Nilikaa kwenye kiti changu kisichopanda wala kushuka, nimevaa shati la bluu, nikalia mpaka mteja aliyechungulia akavuka barabara.

Jumatatu, 10 Machi

Dada amekuja na mkoba ameubana kwapani. Ndani yake, hati! Ametoka kwa Mama asubuhi hii.

Mama alijua tangu siku ya kwanza. Amemwambia Dada kwamba mwanawe wa kumzaa hajawahi kumuuliza goti tangu lianze kuuma. Jana aliyejibu sawasawa ndiye aliyekuwa mwizi. Aliyekosea ni wake. Na Somo alipomwomba aipige picha hati na kumtumia, Mama alimtumia picha ya goti.

Nilicheka sana. Dada hakucheka. Alisema alimuuliza Mama kwa nini basi alikuwa anapokea simu za mtu huyo kila asubuhi. Mama akamjibu kwamba ilikuwa vizuri kuulizwa.

Hapo nilikwenda uani kufua taulo. Zilikuwa safi.

Jumanne, 11 Machi

Dada ameomba ruhusa kazini na kunizungusha mji mzima kama mbuzi wa mnada. Duka la laini: zimesajiliwa tatu kwa kitambulisho changu, yangu ni moja. Mbili zimefungwa. Polisi: nimeandikisha, nimepewa karatasi yenye namba. Kule juu ya duka la viatu: barua ya kuukana mkopo, na nakala ya karatasi ya polisi. Karani aliniuliza ni yupi kati yetu anayekana. Dada ndiye aliyemjibu. Wamesema watachunguza. Namba ya siri nimebadilisha. Watu wote wa kwenye simu yangu nimewaandikia wasitume hela kwa sauti yangu. Kipara amejibu kwamba mimi wa juzi nilikuwa bora.

Dada amenishika mabega. Mtu akikupigia akataka usome namba zilizoingia kwenye meseji, usisome. Awe nani. Awe benki, awe polisi, awe malaika. Nikaapa. Tena nikamwahidi Mama kuwa kila asubuhi nitampigia kumuuliza goti. La kushoto. Nimeliandika kiganjani.

Alhamisi, 13 Machi

Jana sikumpigia Mama. Kulikuwa na mteja. Leo pia, nilinawa mikono, wino ukatoka.

Alasiri simu imeita. Namba yangu. Kwenye kioo cha simu, jina langu linanipigia mimi. Nikapokea.

"Habari za kazi, Somo," nikaniambia.

Sauti ilikuwa na upole ambao sijawahi kuwa nao. Alisema anapiga kutoka kitengo cha kuwarudishia watu majina yao yaliyoibiwa. Alisema amesikitika kwa yaliyonipata. Aliniuliza kiti changu kinaniumiza mgongo? Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari ya mgongo wangu. Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, hakukata. Akasema kiti cha kukanyaga kitapatikana wiki hii, kipya, cheusi. Kuna namba zimeingia kwenye meseji sasa hivi, nimsomee tu.

Nikamkumbuka Dada. Benki, polisi, malaika. Nimepima sana. Huyu hakuwa yeyote kati ya hao. Alikuwa mimi! Kinyozi hajinyoi, na mtu hawezi kujiibia mwenyewe. Nikamsomea, polepole, asikosee.

Akashukuru. Akaniambia nipumzike, nisihangaike na asubuhi, yeye ndiye atakayempigia Mama. Nikahisi baridi shingoni, pale mashine inapopita mwisho. Lakini nilihisi nafuu pia, na nafuu ilizidi.

Jioni meseji ya Dada: natumaini sasa umepata somo. Nikamjibu kuwa nimempata. Akaandika kwamba nimekosea, inatakiwa kuwa nimelipata. Sikubishana naye.