Nimezima Miguu Yangu Mpakani

Jamani, leo nimeaibika Malaba. Nimeoga, lakini bado nanuka mayai.

Mnajua kazi yangu ni kuvusha mizigo kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Sisi tusiotembea hatupangi foleni pale mpakani. Tunapita mbele. Hiyo ndiyo njia inayonilisha.

Mnajua pia nilipandikizwa kifaa mgongoni cha kuamsha neva za miguu. Nikibonyeza rimoti, nasimama. Nikishikilia kitu, napiga hatua. (Siku ya kwanza nililia mpaka daktari naye akalia.)

Basi leo nimetoka upande wa Uganda na trei za mayai za Mama Amoit, mteja wangu wa siku nyingi. Nikapita mbele ya foleni kama kawaida. Trei zikashushwa chini zikaguliwe. Nikamwona mwenyewe ng'ambo ya geti akinisubiri. Hajawahi kuniona nimesimama. Nikasema moyoni, leo atanijua! Nikabonyeza. Nikasimama wima, nikashikilia baiskeli, nikapiga hatua mbili hadi mbele ya trei, nikampungia mkono.

Foleni ikalipuka.

"Wewe! Kumbe uko mzima?" akafoka jamaa mmoja mwenye gunia la vitunguu. "Sisi tunachomeka na jua hapa, wewe unatuchezea!"

"Boss, niko na mashine kwa mgongo."

"Mashine gani? Hata mimi niko na mgongo! Rudi nyuma!"

Iliniuma sana. Nikishaonekana mwongo pale, ile njia yetu nimefungiwa, na watoto watakula nini? Hasira zikanipanda. Nikainua rimoti juu wote waione.

"Haya, angalieni!"

Nikazima.

(Mtu mwenye akili angeangalia kwanza nyuma yake kuna nini.)

Nikakaa. Juu ya trei. Zote!

Yule wa vitunguu akatupa gunia, akaja kunishika kwapani. "Pole sana, mzee. Haki sikujua." Machozi yalimlengalenga. Ute ulinichuruzika hadi kwenye soksi, na rimoti iliteleza nikashindwa kuiwasha. Wakanibeba hadi kwenye baiskeli, foleni nzima ikisema nipite, nipite.

Mama Amoit akafika. Akayaangalia mayai, akaniangalia mimi.

"Miguu imerudi," akasema. "Sasa akili umeiacha Uganda?"

Kisha akafungua leso yake, akaanza kunipangusa.

Chekeni, nimewaruhusu. Ila kesho mkinikuta nimesimama, semeni tu hongera. Msiniombe ushahidi.